SOMO: ARDHI IKISHAUZWA

Leo tujifunze jinsi soko la dunia lilivyofika malishoni kwetu.

Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata kipande chake. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na vya Athi River vikashona nguo za kupelekwa Marekani. Wafanyakazi wakatafuta pa kulala, bei ya ploti ikapanda, wengi wakauza. Pesa ikaisha, waya ukafunga njia za ng'ombe, na mwenye ardhi wa jana akawa bawabu getini.

Jirani mgeni si adui. Naye amefuata riziki. Tukae naye kwenye kamati za maji na shule.

Ila tusiuze gizani. Shamba linahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na sheria ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila mke na mume kukubaliana.

Tujadiliane:
1. Nani aliulizwa kabla ya kuuza?
2. Ng'ombe watapita wapi?
3. Watoto watarithi nini?