Kiambishi -me- na Ufundishaji wa Kiingereza Masumbwe

Mwanafunzi wa sekondari Masumbwe, mkoani Geita, hutahiniwa kwa Kiingereza ilhali amekwishazoea Kiswahili, na mara nyingi Kisumbwa au Kisukuma. Kwa kuwa -me- hufundishwa kuwa alama ya hali timilifu, sentensi “Mtoto amelala” huweza kufasiriwa “The child has slept”, kana kwamba usingizi umekwisha. Kumbe kwa vitenzi kama lala, simama na vaa, -me- huonyesha pia hali iliyopo kutokana na tendo lililotimia. Kiingereza husema “The child is asleep”. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (1996) humpa mwalimu visawe vya maneno. Kwa suala hili anahitaji pia sarufi linganishi. Bila hiyo, atasahihisha kosa asiweze kueleza chanzo chake.