Mwenye duka, tazama salio kabla ya kutoa mzigo

Duka la Ndera, kando ya mto Tana, kwa kawaida halina kompyuta, na wengi hudhani wizi wa mtandaoni ni shida ya benki za Nairobi. Lakini unga na sukari siku hizi hulipiwa kwa M-Pesa, huduma ya Safaricom iliyoanza mwaka 2007, na bidhaa za jumla kutoka Garsen au Malindi hulipiwa vivyo hivyo. Simu yako ndiyo droo ya pesa, na anayeiwinda hahitaji kukanyaga Ndera.

Hila iliyozoeleka ni ujumbe wa uongo. Mteja ana haraka, bodaboda inamngoja nje, anakuonyesha simu yake: "Nishalipa." Au ujumbe unaingia kwako, una jina na kiasi cha pesa, ila umetoka kwa namba ya mtu, si kwa M-PESA. Usitoe hata pakiti ya majani chai mpaka uone salio lako mwenyewe limepanda. Mtandao ukisumbua, mzigo nao usubiri. Mteja akikasirika, heri akasirike.

Yuko pia anayepiga simu akilia kuwa ametuma kimakosa. Usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apeleke ujumbe wake wa malipo kwa 456, Safaricom washughulikie. Wengine hununua kweli, kisha wakishaondoka huomba malipo yarudishwe. Ndiyo maana ni afadhali kupokea pesa za duka kwa Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya wenye biashara ndogo, kuliko kwa namba yako ya kawaida: huko malipo hayarudishwi bila wewe kukubali.

Linalonitia hofu zaidi ni laini kuibwa. Tapeli akishapata namba ya kitambulisho chako na habari zako nyingine, huweza kuisajili namba yako ya simu kwenye kadi yake. Dalili yake: simu yako imekosa mtandao ilhali ya jirani inashika. Piga *100*100# leo, ili laini isibadilishwe isipokuwa wewe mwenyewe ufike duka la Safaricom. Ni kweli, ukipoteza simu utalazimika kusafiri, na mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023 barabara zilikatika. Hata hivyo, nauli hiyo ni ndogo kuliko kupoteza mtaji wote.

Namba ya siri ya M-Pesa isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, wala asiijue kijana anayekushikia duka, hata akiwa mwanao. Safaricom hukupigia kwa 0722 000 000 pekee, na hawaulizi namba ya siri kamwe.

Ukitapeliwa, usinyamaze kwa aibu. Peleka namba ya tapeli kwa 333, ni bure. Toa ripoti polisi, kwani sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inakulinda. Kisha waambie wenye maduka wenzako siku hiyo hiyo, kabla tapeli hajawapigia wao.