Mtoto Mwenye Usonji: Mwonyeshe Kinachofuata

Vurugu nyingi za asubuhi kwenye nyumba yenye mtoto mwenye usonji si ukaidi. Mtoto katolewa kwenye jambo alilolizoea, kapelekwa kwenye jingine, na hakujua kama linakuja. Kwa hiyo anzeni hapo: mwonyesheni kinachofuata kabla hakijafika.

Chukua kipande cha boksi, ubandike picha kwa mfuatano: mswaki, uji, sare, daladala, shule. Mswaki wake mwenyewe na kikombe chake mwenyewe, vikipigwa picha kwa simu, kwa kawaida humwelea upesi kuliko michoro. Jambo likiisha, abandue picha yake na kuitia koponi. Siku za mwanzo picha mbili zinatosha: kwanza uji, halafu bembea. Wazazi wengine huogopa kwamba picha zitamfanya asiseme kamwe. Hazimzuii; tena asiye na maneno hupata njia ya kuomba maji bila kulia.

Bibi, baba, dada wa kazi, wote wafuate picha zilezile na kutumia maneno yaleyale. Mama akisema “imekwisha”, bibi naye aseme “imekwisha”. Hili ndilo gumu kuliko yote, na nyumba nyingi hukwama hapa.

Akilipuka sokoni au kwenye daladala yenye muziki mkubwa, mtoe kwenye kelele, punguza maneno, subiri. Kumchapa kunamwongezea hofu tu. Akishatulia, kumbuka kilichotangulia: njaa, honi, au lebo ya shati inayomkwaruza shingoni. Ikate lebo hiyo leo. Wanaokodoa macho waambie, “Ana usonji, kelele zinamuumiza.” Na wakianza kulaumu, wajue kwamba usonji hauletwi na uchawi, laana, chanjo wala malezi mabaya ya mama.

Kama mtoto wa mwaka mmoja na nusu haitiki jina lake wala haonyeshi kitu kwa kidole, msingoje “atakua tu”. Mpelekeni kliniki, apimwe masikio pia. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kwingineko, ulizeni ofisi ya elimu ya wilaya.

Na mama apumzike, kwa zamu iliyopangwa, si kwa hisani. Shangazi akae na mtoto Jumamosi mchana, boksi la picha likiwa mezani, mama alale au atoke na ndugu zake mtoto huyo, ambao nao wanamhitaji.