Kuitengeneza Meza Kuukuu

Ndugu msomaji, usiitupe meza yako ya mninga kwa kuwa imechakaa. Ioshe, iache ikauke kabisa, kisha uitie gundi miguu iliyolegea. Ondoa vanishi ya zamani kwa msasa namba 80, halafu 120, mwisho 180, ukifuata nyuzi za mti. Ukizikata, mikwaruzo haitafichika. Futa vumbi, upake mafuta ya kitani kidogo, na baada ya robo saa ufute yaliyosalia.

Lakini angalia sana! Mafuta hayo yakikauka hutoa joto. Matambara yaliyolowa, yakirundikwa pamoja, joto hukosa njia, hata yakawaka moto pasipo kiberiti. Yatandaze nje moja moja hata yakauke, ndipo uyatupe. Meza hutengenezwa kwa siku nyingi. Nyumba huteketea kwa usiku mmoja.