Kongosho: ugonjwa unaopewa jina la sumu



Tulipokuwa tukichora viungo vya tumbo ubaoni katika somo la biolojia, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo halikuwa katika daftari. Mjomba wake alikuwa kwenye arusi, akala nyama ya mbuzi, akakunywa kasiksi na kanyanga mpaka jioni. Usiku akashikwa na maumivu makali juu ya kitovu, akatapika mpaka hana tena kitu cha kutapika, na siku ya tatu akafa. Nyumbani walisema: ametiwa sumu katika glasi. Mama mzee aliyekuwa akimimina kasiksi alitishwa na vijana mpaka akakimbia kijiji. Mwenzetu akauliza: je, iko ugonjwa unaoweza kuua mtu vile, bila mkono wa mtu?

Uko. Hatusemi kwamba ndio uliomwua mjomba, maana hakuna munganga aliyempima. Lakini habari yake inafanana sana na uvimbe wa kongosho, ule ambao vitabu vyetu vya kifaransa vinauita pankreatiti.

Kongosho ndiyo ile pankreasi ya daftari. Imelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, urefu wake kama sentimita 15, uzito karibu gramu 100. Ni kitu kidogo kweli, lakini kila siku kinatoa lita moja mpaka mbili za maji ya kumeng'enya chakula, na tena kinaweka insulini katika damu ili sukari isizidi. Maji yale yanapita katika mfereji mwembamba mpaka kwenye utumbo mdogo. Mfereji huo ulionekana kwanza mwaka wa 1642 na Wirsung, mjini Padua katika Italia. Aliuchora juu ya bamba la shaba, akatuma picha kwa wataalamu wenzake na kuuliza ni wa kazi gani. Mwaka uliofuata alipigwa risasi mbele ya nyumba yake, akafa bila kupata jibu.

Sasa hapa ndipo penye shida. Maji ya kongosho yanaweza kuyeyusha nyama na mafuta. Na kongosho yenyewe ni nyama! Haijiyeyushi sababu gani? Kwa sababu inayatoa yakiwa yamefungwa, sawasawa na kisu ndani ya ala. Kisu kinachomolewa kule utumboni tu. Lakini mfereji ukizibwa, au seli za kongosho zikiumizwa, kisu kinatoka kikiwa bado nyumbani, na kongosho inaanza kujila yenyewe. Mwaka wa 1896 munganga Hans Chiari wa Prague ndiye aliyeeleza jambo hilo. Mgonjwa anasikia maumivu juu ya tumbo, yanapenya mpaka mgongoni, akilala chali yanazidi, akiinama mbele yanapungua kidogo. Anatapika lakini kutapika hakumpi nafuu. Maji ya mwili yanakimbilia ndani ya tumbo, damu inapungua katika mishipa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio.

Tena swali la sumu si la kwetu peke yetu. Mwaka wa 1889 Reginald Fitz, munganga wa Boston katika Marekani, aliandika juu ya ugonjwa huu kwa urefu, naye aliwaonya waganga wenzake kwamba unaweza kudhaniwa kuwa sumu au utumbo uliozibwa. Kama waganga wa Boston walikosea, si ajabu sisi wa Luberizi tukosee.

Unatoka wapi? Katika nchi nyingi sababu mbili zinapita zote: vijiwe vya nyongo vinavyoziba mlango wa mfereji, na pombe. Kwa pombe, mara nyingi ni mtu aliyekunywa sana miaka mingi, si glasi moja ya arusi. Huko Soweto, katika Afrika ya Kusini, waganga wa hospitali ya Baragwanath waliona wagonjwa wengi wa kongosho kwa sababu hiyo. Lakini ziko sababu nyingine ambazo watu wa Bonde la Ruzizi tuzijue zaidi. Minyoo mikubwa, askarisi, ambayo jike lake linaweza kupita sentimita 30, inapanda kutoka utumboni na kujisukuma ndani ya mfereji. Huko Kashmir jambo hili limeonekana mara nyingi. Matubwitubwi pia. Kupigwa tumboni, kama mtoto aangukaye juu ya usukani wa baiskeli. Na pentamidini, dawa ambayo Kongo imetumia miaka mingi kutibu ugonjwa wa malale, nayo inaweza kuumiza kongosho.

Na muhogo? Wengine walicheka tulipouliza, lakini swali lina historia. Mwaka wa 1960 munganga Shaper, aliyefanya kazi Kampala, aliandika juu ya wagonjwa wa Uganda wenye kongosho iliyoharibika polepole, akafikiri kwamba ni ukosefu wa chakula chenye kujenga mwili. Kiisha wengine walitazama Kerala katika India, ambako watu wanakula muhogo mwingi, wakaushtaki muhogo. Lakini mwaka wa 1987 uchunguzi mmoja wa Afrika ya Magharibi ulitazama walaji wakubwa wa muhogo na haukukuta kwao kisukari kile walichokitazamia. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wa wagonjwa wa India wamezaliwa na kasoro katika urithi wao. Basi tuendelee kula bugali. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri una hatari yake, ndiyo konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, lakini hilo ni somo lingine.

Je, ni ugonjwa wa kawaida? Hesabu za dunia zinatoa karibu wagonjwa wapya 34 kila mwaka kwa watu 100,000, kwa ule wa ghafula. Hesabu hizo zimetoka zaidi katika nchi zenye vyombo. Ili mgonjwa ahesabiwe lazima damu yake ipimwe amilazi au lipazi, ikutwe imepita mara tatu kipimo cha mwisho cha mtu mzima wa afya, au apigwe picha ya ndani. Aliyefia nyumbani hakuandikwa popote. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, umwulize kwanza nani alipima.

Tunaandika haya kwa sababu ya lile linalofanyika usiku ule. Watu wakisema sumu, wanamwita mfumu, naye anamtapisha mgonjwa. Yule ambaye mwili wake umekauka anakaushwa zaidi. Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni maji: serumu katika mshipa mapema, pamoja na dawa ya kutuliza maumivu, na chakula kidogo mara tumbo linapokubali. Karibu wanne katika watano wanapona bila kupasuliwa. Yule wa tano ndiye anayetaka hospitali kubwa, Uvira au Bukavu, na kwake kila saa ni kitu.

Sumu ya kweli iko pia, tusidanganyane. Mtu aliyekunywa dawa ya kuua wadudu wa shamba anatoa mate mengi, mboni za macho zinakuwa ndogo, misuli inatetemeka. Huyo naye ni wa hospitali, tena mbio. Katika mambo yote mawili munganga atataka kujua saa maumivu yalipoanza, yako mahali gani, mgonjwa alikula na kunywa nini, na dawa gani amekwisha kupewa nyumbani. Hayo mtoto wa shule anaweza kuyaandika kwenye karatasi na kwenda nayo.