Kamera katika chumba cha uzazi: fiqhi ya kazi mpya



Swali tunalolijadili safari hii limeletwa kwenye darsa letu na dada aliyemaliza shahada ya uhasibu na kufanya kazi ofisini kwa miaka miwili. Anataka kuacha ofisi awe mpiga picha wa uzazi, yaani mtu anayeitwa na familia, akaingia na mama chumbani, akapiga picha tangu uchungu hadi mtoto anapowekwa kifuani. Anauliza kama kazi hiyo ni halali, na kama ana haki ya kuiacha taaluma ambayo wazazi wake walijinyima ili aisome. Baadhi ya wenzetu waliguna kabla hajamaliza kuuliza. Mmoja alisema hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi naona swali hili limekuja kwa wakati wake, na lina uzito kuliko linavyosikika.

Tuanze na sababu ya kazi yenyewe kuwepo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa uzazi 28 tu katika kila 100 nchini Rwanda ulifanyika kwenye kituo cha afya. Utafiti wa 2019-20 ulionyesha 93. Alhamdulillah, akina mama na watoto wengi wako hai kwa sababu ya mabadiliko hayo. Lakini zamani bibi, shangazi na jirani walikuwa wamemzunguka mama mkekani, na leo wanasubiri nje ya geti la hospitali wakiwa na chupa ya chai na uji. Baba naye huenda yuko Dubai kikazi. Picha huwapelekea kile ambacho zamani wangekiona kwa macho yao.

Na sisi wa Kigali tuna sababu nyingine. Kwenye Ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba kilichojaa picha za familia zilizoletwa na jamaa wa waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ukishasimama mle, si rahisi tena kusema kwamba picha ya mtoto ni anasa. Wapo watu wazima katika mitaa yetu ambao hawana hata picha moja ya utoto wao, kwa kuwa nyumba na albamu viliteketea pamoja.

Kuhusu picha yenyewe sitarefusha. Hadithi za kukemea watengenezaji wa sura ni sahihi na zinajulikana. Wanazuoni wamehitilafiana kama zinaihusu kamera. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala akieleza kuwa kamera huzuia tu kivuli cha kitu ambacho Allah amekwisha kukiumba. Sheikh Ibn Baz wa Saudia aliikataza picha ya kiumbe hai isipokuwa kwa dharura, kama kitambulisho. Anayefuata kauli ya pili atalimaliza swali la dada yetu hapa hapa, na tumheshimu. Anayefuata ya kwanza bado hajafika popote, maana ugumu wa kazi hii hauko kwenye kamera. Uko kwenye stara.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tumesomeshwa, mwanamke mbele ya Mwislamu mwenzake wa kike anapaswa kustiri kuanzia kitovuni hadi magotini. Daktari na mkunga wameruhusiwa kuona zaidi ya hapo kwa dharura, na kanuni ya fiqhi ni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake: akimaliza kilichomlazimu kuangalia, ruhusa inaisha. Mpiga picha hana dharura hiyo. Hakuna mama atakayekufa kwa kukosa picha. Kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya ruhusa ya mkunga na kusema sote tumo chumbani kikazi. Kwa maoni yangu hili lina natija mbili za wazi. Kwanza, kazi hii kwa mama wa Kiislamu ni ya mwanamke. Pili, mahali pake ni upande wa kichwa cha mama. Uso, jasho, mkono ulioshika shuka, mtoto akifunikwa taulo, saa ya ukutani: humo mna kazi ya kutosha. Mtoto anapotoka, kamera haiendi kule.

Kuna jambo ambalo vitabu vya zamani havikulazimika kulitaja. Jicho likitazama, mtazamo unakwisha. Picha inabaki, na inasafiri. Mwanamke mwenzake anaweza kuona kifua cha mama anayenyonyesha bila dhambi, lakini faili la picha hiyo hiyo likikaa kwenye simu, litamfikia shemeji aliyeazima simu hiyo, au fundi wa simu mjini anayebadilisha kioo. Hukumu ya mtazamo baina ya wanawake basi haitoshi. Swali la kujiuliza kwa kila picha ni nani mwingine ataiona.

Tena kumbuka jinsi Qur'ani ilivyotusimulia uzazi wa Bi Maryam katika sura yenye jina lake, kuanzia aya ya 23. Tunaujua uchungu uliomsukuma hadi kwenye shina la mtende. Tunajua alitamani angekuwa amekwisha kufa na kusahaulika, na tunajua maji na tende alizopewa. Uchungu, hofu na faraja vyote vimesimuliwa, na mwili wake umeachwa katika stara kamili. Nikiulizwa mfano wa kupiga picha za uzazi, nitautaja huo kabla ya picha yoyote iliyopata tuzo.

Sasa, kama mpiga picha si tabibu, fiqhi inamjua kwa jina gani? Nadhani jina lililo karibu zaidi ni shahidi. Wanazuoni walizungumzia tangu mwanzo mambo wasiyoyaona wanaume, uzazi ukiwa wa kwanza, wakauliza ni wanawake wangapi wanatosha kuyathibitisha. Mahanafi na Mahanbali walitosheka na mmoja mwadilifu, Malik akataka wawili, Shafi akataka wanne. Haikuwa nadharia tupu. Mtoto akilia kisha akafa, ameingia katika mirathi na anaswaliwa, na waliosikia kilio ni wale waliokuwemo chumbani. Kwa hiyo mwanamke anayeona na kuhifadhi alichokiona ana nafasi yake ya zamani katika dini yetu, na sharti lake ni uadilifu. Anasema kile ambacho haki imehitaji, kwa anayehusika, na mengine anayafukia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa vikao ni amana, na kwamba anayemsitiri Mwislamu Allah humsitiri.

Sheria ya nchi nayo inaelekea huko. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake baada ya kuitoa, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Na tukumbuke kuwa kwenye wodi ya pamoja kuna mama wa kitanda cha pili ambaye hakumwita mpiga picha yeyote.

Na mambo yakiharibika? Hapa darsa lilinyamaza kidogo. Mwaka 2010 jarida la TIME lilichapisha picha za Lynsey Addario, Mmarekani, kutoka hospitali moja ya Sierra Leone. Zinamwonyesha msichana wa miaka 18 aliyejifungua pacha na kufa kwa kutokwa damu. Addario ameeleza kuwa alipoona damu imezidi alikwenda kumtafuta daktari, aliyekuwa katika chumba cha upasuaji. Picha zile ziliwafanya wengi wazungumzie vifo vya wazazi, na sithubutu kusema zisingepigwa. Lakini yeye alikuwa mwandishi wa habari aliyekuja kushuhudia dhuluma. Dada yetu atakuwa ameajiriwa na familia iliyotarajia furaha. Mkataba wake useme mapema: mkunga akisema toka, anatoka, na hali ikiwa ya hatari kamera inazimwa hadi familia iseme vingine. Wapo wazazi waliopoteza mtoto ambao picha moja ya vidole vyake ndiyo mali yao kubwa. Waachiwe waombe wenyewe.

Mkataba huo huo utaje ujira bila utata. Uchungu unaweza kuchukua saa 3 au saa 20, na ijara inataka kazi au muda ujulikane. Walipane kwa kazi nzima, au kwa saa kwa bei waliyokubaliana, na waseme itakuwaje mtoto akizaliwa mpiga picha akiwa bado njiani.

Kuhusu kuiacha taaluma, Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo Kufa. Al-Sha'bi alimwona akipita kwenda sokoni, akamshauri akae na wanazuoni. Alibadilisha njia, lakini duka hakulifunga, aliendelea nalo akiwa na mshirika wake. Ningemshauri dada yetu vivyo hivyo: asiache mshahara mwezi huu, aanze na familia mbili tatu anazozifahamu Nyamirambo na Biryogo, na picha za akika, aone. Aswali istikhara. Azungumze na wazazi kabla ya kumwandikia bosi. Haki yao ni kushirikishwa na kutendewa wema, na sijaona dalili kwamba wana haki ya kumchagulia kazi halali ya maisha yake yote. Kama alisoma kwa mkopo unaosimamiwa na BRD, ajue deni haliangalii umebadilisha kazi au la.

Limebaki suala la ridhaa. Mama aliye katikati ya uchungu atakubali lolote ili aachwe apumue, na ridhaa hiyo haihesabiki. Aulizwe mwezi wa nane akiwa ameketi nyumbani kwake, aandike. Kisha aulizwe tena nifasi ikiisha, aone kila picha kabla ya mume, mama mkwe na marafiki, afute anazotaka bila kutoa sababu. Mpaka siku hiyo picha zote zikae kwenye kadi moja, na kadi ikae kwa dada yetu, kabatini, chini ya kufuli.