Mafundisho ya Lugha: Makao ya Juu ya Paa Yaitweje?

Leo twataka kutazama neno ambalo Waingereza hulitumia kwa makao yaliyojengwa juu kabisa ya jumba refu. Katika matangazo ya nyumba za Dar es Salaam na Nairobi neno hilo limekwisha kuingia, na wengine husema penthausi. Hapa Mpanda majumba ya namna hiyo si mengi, lakini nyumba za ghorofa zinajengwa, na watu huuziana, hupangishana na kuandikiana wosia. Kwa hiyo yafaa tujue maneno tuliyo nayo kabla ya kuazima.

Asili ya neno hilo la Kiingereza si juu hata kidogo. Latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichoshikizwa kwenye kingine. Wafaransa wa kale walilifupisha, na Waingereza walipolipokea walitamka pentis. Maana yake ilikuwa kibanda chenye paa la upande mmoja, kilichoegemezwa ukutani mwa nyumba kubwa: yaani kipenu. Baadaye watu waliosikia mwisho wa neno lile walidhani ni neno lao la nyumba, wakaliandika hivyo, na kosa likawa sahihi. Katika miaka ya 1920, matajiri wa New York walipoanza kukaa katika vyumba vilivyojengwa juu ya mapaa ya majumba marefu, jina la kipenu likapanda nao. Basi anayetaka kulifasiri kwa asili yake atasema kipenu, naye atachekwa, maana kwetu kipenu bado kiko chini, ndimo zinamowekwa kuni na baiskeli.

Neno letu sakafu lilifuata njia iliyo kinyume. Katika Kiarabu saqf ni paa. Lakini wajenzi wa mawe wa Lamu na Unguja walilaza boriti za mikoko juu ya kuta, wakapanga mawe juu yake, wakamwaga chokaa na vifusi, wakapiga mpaka pakawa imara. Kazi hiyo ni paa kwa aliye chini, na kwa aliye juu ni mahali pa kukanyaga. Polepole maana ya chini ikashinda, na leo mwanafunzi akiambiwa afagie sakafu hatazami juu. Hata hivyo pwani sakafu bado yaweza kuwa paa lenyewe la bapa, watu wapandapo jioni kupunga upepo.

Katika nyumba za kale za Lamu jiko liliwekwa huko juu, moshi usiwasumbue waliomo vyumbani, nalo liliitwa kidari cha meko. Hapo ndipo tunapokutana na neno dari, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa kila mahali lina kazi yake. Pwani, dari yaweza kuwa orofa ya juu nzima. Kwa fundi wa mjini, ni mbao au jipsamu iliyopigiliwa chini ya kenchi. Katika nyumba nyingi za miti na udongo, ni mahali juu ya meko pa kuwekea mahindi, ili moshi ufukuze wadudu.

Orofa, au ghorofa, latokana na ghurfa ya Kiarabu, yaani chumba, na hasa chumba cha juu. Hili halina matata katika maana yake, ila katika hesabu. Nyumba ya ghorofa moja kwa watu wengi ni ile yenye vyumba vya chini na vingine juu yake mara moja. Lakini yuko ahesabuye na ile ya chini. Fundi na mwenye nyumba wasipopatana katika jambo hilo, msingi utachimbwa kwa nyumba nyingine na kuta zitapandishwa kwa nyumba nyingine.

Na bara je? Kwihara, karibu na Tabora, ndiko Livingstone alikokaa katika tembe mwaka 1872, na Wagogo wanajulikana kwa tembe zao. Paa la tembe ni bapa, la miti na udongo, na watu huanika nafaka juu yake. Lakini si mahali pa kujenga chumba: udongo ule ni mzito, na ukilowa huzidi. Ndiyo sababu tembe yafaa zaidi Ugogo penye mvua chache, na kwetu paa la nyasi lenye mteremko limefaa zaidi. Makao yetu ya juu ni dungu la shambani, lenye nguzo ndefu na kipaa kidogo, ambamo mlinzi hulala akisikiliza nguruwe. Ni makao ya msimu, wala hayako juu ya nyumba.

Sasa tuseme mzee mmoja ana jumba mjini, chini maduka na juu vyumba. Anaandika: dari ni ya binti yangu. Akifa, ndugu wa binti waweza kusema dari ni mbao tu, na kumpa mbao. Mwaka 2008 Bunge la Tanzania lilitunga sheria inayowezesha sehemu za jengo moja kuwa na hati mbalimbali, na wenye sehemu kushirikiana katika mali ya pamoja. Kwa desturi ya umiliki wa namna hiyo, kisichoonyeshwa katika ramani kuwa ndani ya sehemu ya mtu ni cha wote. Hivyo aliyenunua orofa ya juu asidhani kwamba amenunua na paa, na kwamba aweza kuongeza chumba huko.

Kwa makao yenyewe, shauri letu ni kusema nyumba ya paani, au orofa ya paani, maneno ambayo mwenye kusoma atayaelewa bila kuuliza. Na katika hati, neno moja halitoshi. Karani na aandike hivi: "orofa ya pili kutoka chini, vyumba vinne, pamoja na ngazi ya nje, paa halimo."